Shajara ya mradi: benki ya maswali ya afya, baiolojia na falsafa kwa mwaka wa kwanza

11 Machi 2024: Kazi yenyewe

Tuko watatu. Mwenzetu mmoja anafundisha uuguzi, mwingine baiolojia, na mimi nafundisha falsafa na maadili, somo ambalo chuoni kwetu halimwachi mtu: muuguzi, wa maabara, mwalimu mtarajiwa, wote wanalipitia mwaka wa kwanza. Kila Novemba wanaingia na vyeti vya kidato cha sita au vya diploma. Cheti kinasema mtu alipata B ya Baiolojia. Hakisemi kama bado anaamini kwamba mimea hupumua usiku tu, na sisi tunachotaka kujua ni hilo la pili, tena mapema, kabla muhula haujatukimbiza.

Kwa hiyo tunatengeneza jaribio la utambuzi. Alama zake haziingii kwenye matokeo ya mwisho. Kazi yake ni kumwonyesha mwalimu pa kuanzia. Naandika hatua kwa hatua ili anayetaka kufanya la kwake asipite tulimokwama.

Jedwali la utahini limekamilika leo: maswali 60 ya kuchagua, 25 ya sayansi za afya, 20 ya baiolojia, 15 ya falsafa na maadili. Tumekubaliana kwamba maswali ya kukumbuka tu yasizidi robo. Gharama hadi sasa ni chai na maandazi.

15 Aprili: Maswali bila swali

Maswali 60 yapo, kila moja na majibu manne. Kabla ya kumpa mwanafunzi yeyote, tumefanya zoezi ambalo namshauri kila mtu alifanye, maana ni rahisi na linaumbua. Tulifuta mashina yote ya maswali, yaani maneno ya swali lenyewe, tukaacha majibu matupu A hadi D, kisha tukawapa wanafunzi wachache wa uhasibu tuliowakuta maktaba, kwa ahadi ya soda. Hawajui anatomia, hawamjui mwanafalsafa Kant. Kwa kubahatisha tu walitakiwa kupata kama robo. Walikaribia nusu.

Tukawauliza wamejuaje. Majibu yao yamekuwa mwongozo wetu wa uhariri. Jibu refu kuliko mengine ndilo sahihi, kwa sababu mwalimu analipamba ili asije akabishiwa. Lenye "huweza" au "kwa kawaida" ni sahihi; lenye "daima" au "kamwe" ni la kutupa. "Yote hapo juu" likiwepo, usisome zaidi. Na ukikwama kabisa, weka C. Tulihesabu: kweli C ilikuwa imebeba majibu mengi mno.

Marekebisho: majibu yote ya swali moja yawe na urefu unaokaribiana, "yote hapo juu" na "hakuna kati ya haya" yameondolewa kila mahali, nafasi ya jibu sahihi sasa inapangwa kwa kompyuta, si kwa mkono. Mashina ya kukanusha ("lipi SI kweli") yamebaki mawili tu, na neno la kukanusha limekolezwa wino. Tulirudia zoezi na kundi jingine la uhasibu na safari hii wakabaki karibu na robo. Soda: Sh 12,000.

6 Mei: Jaribio la kwanza, kwa simu

Tuliliweka kwenye fomu ya mtandaoni na kuwaita wanafunzi wa mwaka wa kwanza tulionao sasa. Tuliwanunulia bando wale wasio nalo (Sh 15,000). Ukumbi ule mtandao hauhimili watu wengi kwa mpigo: wengine fomu iligoma kufunguka, wengine ilituma mara mbili, wengine walijibu nusu ikakatika. Hadi jioni picha za maswali zilikuwa zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kuna aliyekwisha kuzipa jina la "desa la utambuzi".

Tukarudi kwenye karatasi. Vijitabu 150 vya kurasa sita, visivyoandikwa ndani ili vitumike tena, kwa Sh 50 ukurasa: Sh 45,000. Karatasi za majibu 150: Sh 7,500. Kusahihisha hakuhitaji mashine. Tulichukua filamu kuukuu za eksirei zilizokuwa zinatupwa, tukazilowesha kwenye dawa ya madoa mpaka picha na jina la mgonjwa vikaondoka kabisa, tukatoboa matundu mahali pa majibu sahihi. Unailaza juu ya karatasi ya majibu na kuhesabu alama zinazoonekana. Hiyo inatosha kumpa mwanafunzi jumla yake siku hiyo hiyo.

Lakini kwa uchambuzi usiingize kwenye kompyuta "amepata" na "amekosa". Ingiza herufi aliyochagua. Inachukua muda zaidi, ila ukiingiza pata-kosa peke yake umetupa nusu ya ulichokusanya, kama nitakavyoeleza hapo chini.

Namna ya kuchambua, kwa ufupi. Ugumu wa swali ni sehemu ya wanafunzi waliolipata. Swali lililopatwa na wote, au na wachache kuliko wanaobahatisha, halikusaidii kitu. Upambanuzi ni kulinganisha walio juu na walio chini. Panga darasa kwa jumla ya alama, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini (kipimo hicho alikitetea Truman Kelley mwaka 1939 na bado kinatumika). Tuseme darasa ni la watu 100: kundi la juu watu 27, la chini 27. Wa juu 20 wamepata swali, wa chini 9. Unatoa 9 kwenye 20, unagawa kwa 27, unapata 0.41. Hilo ni swali zuri. Chini ya 0.20 lichunguze. Likija hasi, yaani wanaojua wanakosa na wasiojua wanapata, basi tatizo karibu kila mara liko kwenye swali.

Letu moja lilikuja hasi. Lilisema: mgonjwa amemaliza dawa ya malaria, hana homa tena, wiki moja baadaye kipimo cha haraka cha mRDT bado ni chanya, unasemaje? Ufunguo wetu, yaani jibu tulilolihesabu kuwa sahihi, ulikuwa "rudia kwa darubini". Wanafunzi bora walichagua "antijeni bado imo kwenye damu", na wana haki, kwa sababu vipimo vinavyotafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria, vinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Swali lilikuwa na majibu mawili sahihi, moja la sababu na jingine la hatua ya kuchukua. "Unasemaje" si swali. Tumeligawa mara mbili.

3 Juni: Vipotoshi kutoka midomoni mwao

Hapa ndipo mradi umebadilika sura. Tulipoangalia herufi, tuligundua kwamba kwenye maswali mengi jibu moja au mawili kati ya yale ya uongo, yaani vipotoshi, hayakuchaguliwa na mtu. Tulikuwa tumeyabuni wenyewe, na mwalimu hana kipaji cha kukosea kama mwanafunzi. Anabuni ujinga ambao hakuna aliye nao. Swali la majibu manne ambalo mawili ni maiti ni swali la majibu mawili. Michael Rodriguez alipopitia mwaka 2005 tafiti za miaka 80 kuhusu jambo hili alihitimisha kwamba majibu matatu yanatosha, na sasa naona kwa nini. Tumehamia matatu. Swali linasomeka haraka, na unabaki na kazi ya kutafuta vipotoshi viwili vyenye uhai.

Kuvitafuta: tuliwapa darasa maswali yale yale bila majibu, waandike kwa maneno yao, mistari miwili. Karatasi zile zimetufundisha kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Tuliuliza kwa nini dawa iliyokuwa inaponyesha malaria huacha kufanya kazi. Jibu lililoongoza: "mwili unaizoea dawa". Ndivyo watu wanavyosema mitaani na ndivyo walivyoandika watu wenye B ya Baiolojia. Anayezoea, kama tutatumia neno hilo, ni kimelea, na hata yeye hazoei: waliokuwa na mabadiliko ya kijeni yanayowakinga wanabaki, wengine wanakufa, waliobaki wanazaana. Tanzania Bara iliacha klorokwini mwaka 2001 ikaingia dawa ya SP (sulfadoxine na pyrimethamine), na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto ya ALu (artemether na lumefantrine). Miili ya Watanzania haikubadilika kati ya miaka hiyo. Sasa "mwili umeizoea dawa" ni jibu B la swali hilo, kwa maneno yao hayo hayo, na linavuta watu vizuri mno.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wazazi wote wawili ni wabebaji, AS na AS (kila mmoja ana jeni moja ya ugonjwa), mtoto wa kwanza ana SS, yaani amerithi zote mbili na anaumwa. Je, wa pili? Vipotoshi vyetu vya zamani vilikuwa 10% na 90%, hakuna aliyevigusa. Darasa liliandika kitu kingine: "mmoja kati ya wanne ameshapatikana, watatu wanaofuata watakuwa salama". Wanajua robo, wamekariri robo, na wanaigawa kwa watoto kama mgawo wa mkate. Kila mimba ni robo upya. Muuguzi atakayempa mama ushauri huo kliniki atamdhuru, na mtihani wetu wa mwanzo ungempa tiki.

Uzito wa mti unatoka wapi? "Kwenye udongo", wengi. Jan Baptist van Helmont alishalijaribu katika karne ya 17: akapanda mti kwenye chungu cha udongo uliopimwa, akamwagilia kwa miaka mitano, mti ukaongezeka zaidi ya kilo 70 na udongo ukapungua gramu 57 hivi tu. Yeye mwenyewe akadhani uzito wote ni maji. Hilo la maji limetupa kipotoshi cha pili bure. Jibu ni hewa ya ukaa, pamoja na maji.

Chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ulioelezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 kwenye nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Kinga? "Kulala ndani ya chandarua." Ni jibu la malaria. Mbu wa chikungunya, Aedes, huuma mchana. Limeingia kama kipotoshi.

Kuna moja lililotushinda kwa muda. Ugonjwa uko kwa 1% ya watu; kipimo kinawanasa 99% ya wagonjwa na kinawaachia huru 95% ya wazima; mtu amepima, ni chanya; uwezekano kwamba ni mgonjwa kweli ni upi? Hakuna aliyepata, na si wanafunzi pekee: tulilipeleka kwa walimu wengine na likapokelewa kwa ukimya. Swali lisilopatwa na mtu halipambanui. Kabla ya kulifuta tuliliandika upya kwa kuhesabu watu, njia ambayo mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer ameitetea kwa muda mrefu: kati ya watu 10,000, wagonjwa ni 100, na 99 kati yao kipimo kinawanasa, wazima ni 9,900, na 495 kati yao kipimo kinawasingizia. Wenye majibu chanya ni 594. Wagonjwa kweli ni 99, yaani mmoja kati ya sita. Kwa sura hii linapatwa na kundi la juu na linakosewa na la chini. Takwimu ni zile zile. Tumeweka sura hii kwenye benki na ile ya asilimia tumeihifadhi kwa ajili ya kufundishia.

9 Septemba: Falsafa imekataa

Likizo imeisha na sehemu yangu ndiyo iliyobaki nyuma. Kwenye jaribio la Mei maswali ya falsafa yalionyesha upambanuzi mzuri, nikafurahi, mpaka mwenzangu wa baiolojia alipopanga majina: waliofanya vizuri wengi walisoma seminari. Maswali yalikuwa ya "nani alisema": wajibu ni wa Kant, manufaa ni ya Mill, shaka ni ya Descartes. Aliyewahi kuyasikia majina anapata. Hiyo ndiyo robo ya kukumbuka tuliyoapa hatutaivuka, na kwa falsafa ilikuwa karibu yote. Isitoshe majina yalikuwa ya Ulaya tupu, wakati wanafunzi hawa watakaa miaka mitatu karibu na mjadala wa falsafa ya Kiafrika wa akina Mbiti, Hountondji na Odera Oruka bila kujua uliwahusu wao.

Kwanza nilijaribu mantiki. "Kila mwenye malaria ana homa. Asha ana homa. Kwa hiyo Asha ana malaria." Hoja batili, yaani hitimisho halifuati kutoka kwenye dhana zake, ziwe za kweli au za uongo; je, wataiona? Wanafunzi wa uuguzi walisema ni batili, nikaweka tiki, kisha nikasoma sababu walizoandika: "si kila mwenye malaria ana homa". Wamekataa dhana ya kwanza kwa ujuzi wao wa wodini na hawakugusa muundo wa hoja. Wamepata jibu kwa njia isiyohusika. Kwa mwalimu wa falsafa hilo ni pigo, ingawa mwenzetu wa uuguzi alifurahi sana.

Nikatengeneza pacha lisilo na afya: "Kila mwanachama wa ushirika ana kadi. Asha ana kadi. Kwa hiyo Asha ni mwanachama." Hapa hakuna ujuzi wa kukimbilia. Sasa yako mawili kwenye benki, moja mbali na jingine, na tunayasoma pamoja. Anayeliona kosa kwenye kadi akalikosa kwenye homa ni mwanafunzi ninayetaka kumjua mapema, maana huyo ndiye atakayemwandikia dawa mseto kila anayechemka kabla ya kupima. Nimeongeza pia hoja halali yenye hitimisho la uongo: "Samaki wote wanaishi ziwani. Nyangumi ni samaki. Kwa hiyo nyangumi anaishi ziwani." Karibu darasa zima linasema ni batili, kwa sababu nyangumi hayuko ziwani.

Maadili yalikuwa magumu zaidi. Swali: mgonjwa mtu mzima, mwenye akili timamu, anakataa kuongezewa damu, muuguzi afanye nini? Sisi watatu hatukukubaliana juu ya ufunguo. Tulibishana jioni nzima, na swali ambalo waliolitunga hawakubaliani huwezi kumkosesha mwanafunzi kwalo. Tumeyatoa maswali ya namna hiyo kwenye sehemu ya kuchagua. Badala yake kuna maswali mawili ya kuandika, mistari mitano kila moja. La kwanza linahusu Tuskegee, Marekani, ambako kati ya 1932 na 1972 wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida. Hatuulizi kama ilikuwa vibaya. Hakuna atakayesema ilikuwa vizuri. Tunauliza: mtafiti akisema "hata wasingekuwa kwenye utafiti wasingetibiwa", hoja yake ina kasoro gani?

Kusahihisha maandishi kuna shida yake. Mimi na mwenzangu tulisahihisha karatasi zile zile bila kuonana, tukapima makubaliano kwa kapa ya Cohen, ambayo inaondoa yale mnayokubaliana kwa bahati tu. Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Mwenzangu alikuwa anatoa alama kwa Kiingereza kizuri, mimi kwa msimamo unaofanana na wangu. Tumeandika mwongozo wa alama tatu: moja kwa kutaja dhana ambayo hoja inaiegemea, moja kwa kuonyesha pengo, moja kwa mfano unaoivunja. Lugha haina alama. Baada ya hapo tulielewana vya kutosha kuendelea, ingawa alama ya pili bado inatugombanisha.

18 Novemba: Wageni wameingia

Jaribio limefanyika wiki ya kwanza ya masomo. Maswali 60 yamechujwa hadi 40 ya kuchagua, majibu matatu matatu, na mawili ya kuandika. Matoleo mawili, A na B, yenye mpangilio tofauti na takwimu tofauti kwenye maswali ya hesabu. Vijitabu 200 vya kurasa tano: Sh 50,000. Karatasi za majibu 200: Sh 10,000. Simu ziliachwa mlangoni. Ukumbi tuliugawa kwa zamu mbili.

Hofu yetu ilikuwa kwamba jaribio lisilo na alama litajibiwa kwa ana ana ana do. Tulichofanya: kila mmoja aliambiwa mapema kwamba atapata karatasi yake binafsi inayoonyesha alipoteleza na ukurasa wa kusoma. Wachache bado walimaliza ndani ya dakika kumi wakaondoka. Karatasi zao tumeziweka kando, hazimo kwenye uchambuzi.

16 Desemba: Kilichopatikana na kinachobaki

Matokeo tunayasoma kwa somo, hatuyajumlishi. Jumla moja ya afya, baiolojia na falsafa haina maana yoyote, na kipimo cha uthabiti (KR-20, cha Kuder na Richardson wa 1937) kwenye jumla hiyo kinapanda kwa sababu tu maswali ni mengi. Kwa sehemu moja moja, afya na baiolojia zinasimama. Falsafa, yenye maswali machache kuliko zote, bado inayumba, na simpi mwanafunzi mmoja mmoja hukumu kwa kuitegemea. Naitumia kwa darasa zima.

Kwenye ratiba, mabadiliko ni mawili. Mwenzetu wa baiolojia amesogeza uteuzi asilia kutoka mwisho wa muhula hadi wiki ya pili, kwa sababu "mwili umeizoea dawa" ilichaguliwa na zaidi ya nusu ya wageni. Mimi nimekubaliana na mwenzangu wa uuguzi tufundishe pamoja kipindi kimoja: mRDT, homa ya Asha, na ile hesabu ya watu 10,000.

Jumla ya gharama: soda 12,000, bando 15,000, vijitabu vya Mei 45,000 na karatasi za majibu 7,500, vijitabu vya Novemba 50,000 na karatasi za majibu 10,000, dawa ya madoa na bahasha 6,000. Sh 145,500, tumechanga wenyewe. Tuliandika barua ya kuomba fedha mwezi Juni. Bado inashughulikiwa.

Kwa atakayenakili: usichukue vipotoshi vyetu. Shina chukua, jibu sahihi chukua, lakini vipotoshi vitafute kwa wanafunzi wako, kwa maswali ya wazi, kabla ya kitu kingine chochote. Vyetu vimetoka kwa watu wa hapa, na mwakani vingine vitakuwa vimeshakufa. Pacha la kadi ya ushirika tayari linaonekana limevuja. Januari naandika jipya.